Ukoka Unaokunywa Upepo

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipokuwa wakifunga milango yao kwa komeo na kuulizana habari za nyumbani kila asubuhi, palikuwa na mji jangwani ulioitwa Vumbini. Ndiyo, watoto wangu, Vumbini, na jina halikudanganya. Ukifagia asubuhi, adhuhuri vumbi limerudi na limekuja na ndugu zake. Mvua ilifika mara moja kwa mwaka, kama mjomba wa mbali. Inapiga hodi, inakaa siku tatu, inaondoka bila kuaga.

Maji ya mji mzima yalitoka kwenye kisima kimoja kilichokuwa juu ya kilima. Kando ya kisima palijengwa birika kubwa la mawe. Kila alfajiri Bwana Nyati alishika kamba akavuta ndoo, hei! hei! hei! mpaka birika likajaa. Halafu wanyama wakapanga foleni, wengine asubuhi, wengine alasiri. Kila nyumba ilipata vibuyu viwili, basi.

Bwana Nyati ndiye aliyekuwa Mkuu wa Kisima. Walimchagua kwa sababu hapakuwa na shingo nyingine kama yake mjini, na kwa sababu alikuwa mwaminifu. "Nyati hali cha mtu," walisema. Na kweli hakula cha mtu, mpaka siku alipotembelewa na kaka yake kutoka milimani.

Kaka huyo aliingia uwanjani kwa Nyati, akasimama, akainua ukwato mmoja kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mdogo wangu, nyumba yako iko wapi?"

"Si ndiyo hii, kaka? Karibu."

"Hii? Ahaa! Mimi nilidhani hapa ndipo mji mzima unapomwaga majivu!"

Kaka akacheka, ha-ha-haa! Mke wa Nyati, aliyekuwa mlangoni na sinia la chakula, akatazama chini. Nyati naye alicheka ili kumridhisha mgeni. Siku zote tatu za ugeni ule aliona haya kila alipotoka nje. Aliliona vumbi kama kidonda usoni mwake.

Kaka alipoondoka, Nyati alimsindikiza mpaka milimani, akarudi na gunia la ukoka, yale majani mafupi laini yanayotambaa chini kama zulia. Akaupanda mbele ya nyumba yake.

Sasa, ukoka wa milimani haulijui jangwa. Siku ya kwanza tu ulianza kujikunja kwa kiu. Nyati akauchotea ndoo moja kutoka birikani.

"Ndoo moja tu," alijiambia. "Mimi ndiye ninayevuta kamba. Hata mpishi huonja mchuzi."

Ndoo moja ikawa tatu. Tatu zikawa sita. Mwishowe akaogopa kuonekana na ndoo njiani. Akatangaza kwamba anakarabati msingi wa birika, akachimba mtaro kutoka kilimani hadi kwake, akalaza humo mianzi mitupu iliyoungwa mmoja baada ya mwingine, akafukia. Mwanzi wa mwisho ulilala chini ya ukoka, na mdomoni mwake aliutia kizibo.

Tangu hapo, kila siku saa saba, jua likiwa utosini na Vumbini yote imejifungia ndani ikipumzika, Nyati alitoka akinyata, akavuta kizibo.

Shwaaaaa!

Saa saba mchana, jamani! Saa ambayo hata mate hukauka kabla hayajafika chini. Nusu ya maji yale ilipanda mbinguni kabla ukoka haujayaonja. Lakini Nyati alikuwa nayo mengi, aliendelea kumwaga.

Ukoka ukashamiri. Ukawa kijani, kijani kweli, mpaka wapita njia wakasimama.

"Lo!" alisema Ngamia. "Bwana Mkuu, unaunywesha nini?"

"Umande tu," alijibu Nyati.

Hata mke wake alipomuuliza, alimjibu hivyo hivyo. "Umande, mke wangu." Na mkewe, ambaye hakuwahi kudanganywa na mumewe, akaamini. Akawa anakaa pale nje jioni, akiunyoosha ukoka kwa vidole kama nywele za mtoto.

Jirani yao alikuwa Bi Pimbi. Kama hamjamwona pimbi, ni mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu, hukaa kwenye mawe, ana miguu myepesi na macho yanayoona kila kitu. Uwanja wa Bi Pimbi haukuwa na jani hata moja la ukoka. Ulikuwa na mawe, mishubiri mitano, mkunazi mmoja, na vishimo vilivyopinda kama mwezi mchanga. Wakubwa wa mji walipapita wakicheka.

"Yale ni makaburi au ni bustani?" aliuliza Nyati siku moja mbele ya watu.

"Pimbi ni pimbi tu," alisema Mbuni, na wote wakaangua kicheko. Bi Pimbi naye akacheka, akaendelea kumwagia mkunazi wake maji aliyooshea vyombo.

Miezi ikapita. Kisima kikaanza kushuka. Kila wiki Nyati aliunga kipande kingine cha kamba ili ndoo ifike chini. Foleni ya asubuhi ilipata maji. Foleni ya alasiri ikaanza kupata matope.

"Bwana Mkuu, birika linavuja?" aliuliza Punda. "Asubuhi nimeliona limejaa, alasiri hii nazamisha kibuyu kinagonga chini, ko!"

"Jua linayanywa," alisema Nyati, akatazama pembeni. "Kuanzia leo ni kibuyu kimoja kwa kila nyumba."

Wanyama wakanung'unika, lakini wakatii. Nyati akisema, amesema.

Alasiri moja alikuwa amesimama penye birika akihesabu vibuyu, akamwona Mama Tunu katika foleni. Mama Tunu alikuwa digidigi, mjane, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini. Alichota kibuyu chake. Kisha akageuka kidogo, akatoa cha pili chini ya kanga, akakijaza.

"Mama Tunu! Nini hicho?"

Mama wa watu akashtuka, kibuyu nusura kimponyoke. "Tunu ana homa, Bwana Mkuu. Tangu jana anawaka kama jiko. Midomo imempasuka. Nimeona niongeze kidogo tu..."

Foleni nzima iligeuka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kumbe! Kumbe hawa ndio wanaotumalizia maji!"

"Ndio hawa! Wezi!"

Hapo, wanangu, Nyati angeweza kusema neno. Neno moja tu lingetosha. Lakini unajua alisikia nini moyoni? Alisikia nafuu. Mwizi amepatikana, na si yeye. Akakichukua kile kibuyu, akakigeuza juu ya birika. Gubu, gubu, gubu. Maji yakarudi.

"Siku tatu usikanyage hapa," alisema kwa sauti ya Mkuu wa Kisima.

"Nimekosa, Bwana Mkuu," alisema Mama Tunu. "Nisamehe." Akashuka kilima na kibuyu chake kimoja, hakugeuka nyuma.

Jioni ile mke wa Nyati alipakua uji mzito wenye maziwa. Nyati alimeza kijiko kimoja, akalisukuma bakuli.

"Unaumwa?"

"Jua tu, mke wangu."

Nje ukoka ulikuwa umependeza kuliko siku zote. Hakuweza kuutazama. Aliona aibu, kweli aliona. Lakini kesho yake saa saba alitoka akinyata, akavuta kizibo. Shwaaaa! Aibu yake ilikuwa ya ndani kwa ndani, haikuwa imefika miguuni.

Siku ya pili ya adhabu ya Mama Tunu, Nyati alikuwa amekaa barazani kwake, akasikia sauti nyembamba.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," alisema Nyati bila moyo.

Alikuwa Bi Pimbi. "Shikamoo, Bwana Mkuu."

"Marahaba, jirani. Kuna nini?"

"Nimekuja kujifunza, Bwana Mkuu. Mwaka wa saba huu napalilia mawe. Mtu anachoka. Leo nimeutazama ukoka wako nikajiambia, Pimbi we, jirani ana elimu hapo kando tu, na wewe umekaa na ujinga wako! Basi nieleze. Unaunywesha nini?"

"Umande."

Bi Pimbi akainamisha kichwa upande mmoja. "Umande. Lakini Bwana Mkuu, mimi hulala juu ya jiwe. Mgongo wangu haujapata kulowa tangu nizaliwe. Umande huo unapita wapi? Hebu niambie vizuri. Unaunywesha nini?"

Nyati akasogeza mguu. Masikio yakamwasha. "Si umande hasa. Umande ni kwa lugha ya kawaida. Kwa kweli ni... ni upepo."

"Upepo!"

"Ukoka huu ni wa mbegu ya pekee. Huko milimani wanaujua. Unakunywa upepo."

Uongo ule ulitoka mdomoni mwake ukiwa mzima, umevaa na viatu. Yeye mwenyewe aliushangaa.

Bi Pimbi hakucheka. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama anayemsogezea mtu kigoda.

"Bwana Nyati, nakuuliza mara ya tatu, na hapa tuko wawili tu. Ukoka huu hauonji maji? Hata tone?"

Nyati akaona mlango umefunguliwa, ila hakujua ni mlango wa nini. Akaupita asiingie. "Hata tone," alisema. "Naapa kwa pembe zangu!"

"Kwi kwi kwiii!" Bi Pimbi akaruka juu kama bisi kwenye chungu. "Tumepona! Vumbini tumepona! Majani yasiyotaka maji! Ngoja niwaambie wenzangu!"

"Bi Pimbi! Subiri kwanza! Bi Pimbi!"

Titititititi! Vumbi likatimka barabarani. Alikwisha kwenda.

Kesho yake, siku ya tatu, saa saba kasoro kidogo, Nyati alikuwa anajiandaa kutoka kwenda kuvuta kizibo. Akasikia miguu. Haikuwa miguu miwili wala minne. Ilikuwa miguu ya mji mzima. Puku-puku-puku-puku! Alipofungua mlango, jua lile kali lilimwonyesha Ngamia na jembe, Mbuni na kikapu, Punda na gunia, na nyuma yao watoto wakigonga mikebe, tang! tang! tang!

Bi Pimbi alipanda juu ya jiwe.

"Ndugu zangu! Bwana Mkuu ameniapia kwa pembe zake kwamba ukoka huu unakunywa upepo. Na upepo, jamani, tunao wa kumwaga! Basi kila nyumba ikate kipande kimoja, mji mzima uwe kijani!"

"Hoyeeee!"

"Ngojeni!" Nyati alipiga kelele. Jasho lilianza kumtiririka. "Leo haiwezekani. Ukoka... ukoka umelala."

"Vizuri sana," alisema Bi Pimbi. "Basi hautasikia maumivu tukikata."

Wakacheka.

"Na mke wangu, hapendi bustani yake iguswe."

"Mimi?" Mama Nyati alitokeza mlangoni, uso unang'aa kwa furaha. "Nani kakwambia? Wagawie, mume wangu! Jambo la heri hilo. Hata Mama Tunu apate, maskini, ana shida nyingi."

Jina lile lilimchoma Nyati kama mwiba wa mgunga. Akaangaza macho katika umati. Nyuma kabisa, mbali na wengine, alisimama Mama Tunu, mwanawe mgongoni.

"Ardhi ni ngumu," alisema Nyati. "Mtavunja majembe."

Bi Pimbi akashuka jiweni, akatembea juu ya ukoka. Chwa, chwa, chwa. "Ngumu? Mbona inabonyea? Ajabu! Upepo wa kwa Bwana Mkuu umelowa!"

Umati ukacheka tena, na Nyati akacheka nao, meno yamekauka. Ngamia akainua jembe. Akakata kipande, fya! Mbuni akakata kipande, fya! Kila jembe lililoshuka, moyo wa Nyati ulishuka nalo. Wakazidi kusogea. Mwanzi ulikuwa chini ya ukoka katikati ya uwanja, karibu sana na juu. Nyati akaona hana njia nyingine. Akaenda akasimama palepale juu yake, miguu yote minne.

"Kateni kule," alisema. "Hapa msikate."

"Kwa nini, Bwana Mkuu?" aliuliza Punda. "Hapo ndipo penye majani mazuri."

"Hapa... hapa nimesimama."

"Basi sogea."

"Sisogei."

"Hata hatua moja?"

"Nimesema sisogei!" akanguruma, na kwa hasira akapiga mguu chini.

Kra!

Majembe yakasimama hewani.

Kra-kraaa... PWAAAAA!

Mwanzi ulipasuka chini ya uzito wa Nyati mwenyewe. Maji yaliruka juu kati ya miguu yake, yakampiga tumboni, yakampiga kidevuni, yakamshukia masikioni. Yalikuwa maji mazuri, safi, ya baridi, na yalimeta juani.

Mtoto mmoja alianza kucheka, mamaye akamziba mdomo.

Mbuni akanyoosha shingo yake ndefu, akatazama kule kilimani. Akasema taratibu, kama anayesoma, "Birika linashuka."

Nyati alikuwa ameinamisha kichwa akisubiri matusi. Laiti wangemtukana! Laiti Ngamia angemtemea mate, laiti Punda angempiga teke! Walisimama tu, na majembe yao, na vikapu vyao, na midomo yao iliyopasuka, wakimtazama Mkuu wao wa Kisima akichuruzika maji. Aliinua macho akamtafuta mkewe. Mama Nyati aliutazama ukoka, akayatazama maji, akamtazama yeye. Akavuta kanga kutoka mabegani akajifunika kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango polepole bila kuubamiza.

Kisha umati ukapisha njia. Mama Tunu alikuwa anakuja. Tunu alikuwa mgongoni, macho yamezama, ulimi unaonekana. Mama Tunu alifika ukingoni mwa ukoka akasimama. Hakuukanyaga. Akapiga magoti kidogo kwa adabu.

"Bwana Mkuu," alisema, "najua siku zangu tatu hazijaisha. Lakini haya yanamwagika. Naomba ruhusa nichote kibuyu kimoja cha mtoto."

Hakuwa anamsuta, wanangu. Angekuwa anamsuta, Nyati angevumilia. Mama wa watu alikuwa anaomba kweli.

Nyati akarudi nyuma hatua mbili, maji yakabaki wazi.

"Chota," alisema. "Chota, mama. Ni maji yako. Ni maji yenu wote."

Akalala chini kwenye tope, akaubana ule ufa kwa ukwato wake, maji yakapungua yakawa yanatoka taratibu. Mama Tunu akakinga kibuyu. Wa pili akaja, wa tatu akaja. Foleni ikajipanga yenyewe mpaka barabarani. Walikinga mmoja mmoja karibu na uso wake, wakapita, na hakuna aliyemtazama. Alikaa hivyo mpaka jua likainama, ukwato umekufa ganzi.

Wa mwisho alikuwa Bi Pimbi. Yeye hakuwa na kibuyu.

"Ulijuaje?" aliuliza Nyati akiwa chini.

"Nyumba yangu ni jiwe, na jiwe lile linafika mpaka huku kwako. Kila siku saa saba nikilaza sikio nasikia shwaaa. Ningesema, nani angemsadiki pimbi amwache nyati? Nikaona bora mdomo wako ufanye kazi hiyo."

"Ungeniambia mimi peke yangu, jirani."

"Nilikuja kwako peke yako," alisema Bi Pimbi. "Nilikuuliza mara tatu."

Walifanya baraza penye kisima. Nyati hakujitetea. Kuvuta kamba waliendelea kumwachia, maana shingo ni shingo, lakini ulinzi wa birika alipewa Mama Tunu. Alisimama pale na kanga yake, akihesabu vibuyu kwa sauti yake ya chini, na hata Ngamia alinyamaza akipita. Mianzi, Nyati aliing'oa mwenyewe. Alichagua kuing'oa saa saba mchana, huku madirisha ya Vumbini yakiwa yamejaa macho.

Ukoka haukumaliza siku tisa. Uligeuka manjano, ukageuka kijivu, na kilichobaki Punda akaomba akatafuna. Uwanja ukarudi kuwa vumbi. Mama Nyati alikuwa akimpakulia mumewe chakula na kuondoka. Nyati akaenda kwa Bi Pimbi.

"Nifundishe," alisema.

"Keti. Si hapo! Umeukalia mshubiri."

Akamfundisha. Maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi barabarani, yanapelekwa mizizini, tena jioni jua likishapoa. Mawe yanazungushwa shinani ili udongo usipigwe jua. Vishimo vya mwezi mchanga vinachimbwa vikitazama juu ya mteremko, ili ile mvua ya siku tatu ikija isikimbie, ikae. Na mti unaopandwa uwe mkunazi, uwe mgunga, uwe mshubiri, mimea iliyozaliwa jangwani.

"Hiyo inaijua kiu," alisema Bi Pimbi. "Haiiogopi. Ila vishimo ni kazi, na mimi nina mikono kama vijiko. Wewe una pembe."

Nyati akaelewa. Akaenda nyumba kwa nyumba, akachimba. Kwa Punda akachimba, kwa Ngamia, kwa Mbuni, na kwake mwenyewe. Wengine walimsemesha, wengine walimwonyesha tu mahali. Ikabaki nyumba moja. Alipita mlangoni pake siku ya kwanza, akaendelea na safari. Alipita siku ya pili. Siku ya nne alisimama, lakini neno hodi lilikataa kutoka.

"Mama!" Tunu, aliyekwisha kupona, aliita kutoka ndani. "Bwana Nyati amesimama mlangoni kama nguzo!"

Mama Tunu akatoka, mikono ina unga.

"Nimekuja kuchimba," alisema Nyati. "Na nimekuja kusema. Siku ile nilipokimwaga kibuyu chako, nilijua maji yanakwenda wapi. Nilijua, nikakimwaga. Wakakuita mwizi, nikanyamaza. Nisamehe, Mama Tunu."

Mama Tunu alipukuta unga taratibu.

"Homa ilimshika siku nne," alisema. "Bi Pimbi alinipa maji yake. Nilikuwa nalowesha kitambaa, namkamulia mdomoni. Tone moja, nahesabu kumi. Tone jingine, nahesabu kumi."

Nyati alisikiliza kila neno. Hakusema "pole", maana aliona si haki yake.

"Chimba pale," alisema Mama Tunu hatimaye, akaonyesha kwa kidevu. "Panda mkunazi. Na kila jioni uje wewe uumwagie maji ya vyombo. Si mimi, wewe."

Nyati akachimba. Jioni ya kesho akaja, na ya keshokutwa, na iliyofuata. Alikuwa anapokea bakuli la maji ya vyombo mlangoni, anauinamia mche, anamwaga polepole, anarudisha bakuli, anaaga. Hakuinua macho, naye hakuombwa ayainue. Mvua ya siku tatu ikaja, vishimo vya mji mzima vikajaa vikang'aa kama sahani, ikaondoka. Mkunazi ukatoa majani manne, kisha manane.

Jioni moja alimaliza kumwaga, akageuka kuondoka, akaona Mama Tunu ametoa vigoda viwili nje. Kimoja alikikalia yeye, anachambua mboga. Kingine kilikuwa kitupu, na hakusema ni cha nani.

Nyati alikitazama sana. Kilikuwa kidogo mno kwake. Akakaa chini kwenye vumbi kando yake, taratibu, na hakuna aliyemfukuza.

Basi, wanangu, bustani yoyote inayostawi kwa kiu ya jirani, hata ikipendeza vipi, ni aibu ya mwenye nyumba.